Viroba Visivyo na Bei

Kompyuta ilifika Kahama ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto mchanga, ikiwa imekaa kiti cha mbele cha pikapu, huku sisi wafanyakazi tuliokwenda kuipokea tukirudi tumekaa kule nyuma juu ya mabati. Nasema hivi ili ieleweke mapema heshima ilivyogawanywa. Aliyeileta ni kijana wa bosi, aliyetoka masomoni ng'ambo na digrii ya biashara na chuki kubwa dhidi ya daftari. Bosi mwenyewe, ambaye wote tulimwita Mzee, alikuwa Mhindi mzaliwa wa Shinyanga, mwenye Kisukuma kizuri kuliko changu, na duka lake lilikuwa la kila kitu: unga, maharage, kamba, sululu, betri za tochi, mipira ya kuvutia maji. Wateja wake wakubwa walikuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wachimbaji wadogo hawalipi kama watu wengine.

Mwenye duara, yaani mwenye shimo la kuchimbia, alichukua unga na kamba leo kwa ahadi. Siku mawe yakitoka yaligawanywa kwenye viroba pale pale shimoni: vya mwenye duara, vya wachimbaji, cha mpishi, cha aliyetoa chakula. Kiroba cha mawe hakina bei. Ndani yake mnaweza kuwa na nyumba ya bati, au mnaweza kuwa na mawe ya kujengea choo, na hakuna ajuaye mpaka kisagwe kwenye mashine ya karasha na unga wake uoshwe. Duka letu lilipokea viroba hivyo na kuvipanga stoo ya nyuma. Na kwa kuwa stoo ilikuwa na kufuli, na Mzee alikuwa na jina, watu wengine walileta viroba vyao wenyewe wakatunziwa bure.

Mmoja wao alikuwa mama mpishi wa duara moja ng'ambo ya mto. Alikuwa na viroba vitatu kwetu. Kila alipokuja mjini kununua chumvi alipitia kuvisalimia. "Mwangaluka, dada," ananiamkia kwa Kisukuma, kisha anaingia stoo, anavipiga kofi kimojakimoja kama mtu anavyompiga ng'ombe kiunoni, anatoka ameridhika. Alikuwa amemwacha mume huko upande wa Masumbwe baada ya kuchoka kupigwa, na binti yake mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, akabaki kwa wakwe. Wakwe hawakuwa na maneno mengi. Walisema: rudisheni ng'ombe wetu wanane wa mahari, wote, na mtoto atakuwa wenu. Ng'ombe wenyewe kaka yake alikwishawatoa kuwa mahari ya mke wake zamani, na kaka mtu, kama kaka wengi ninaowafahamu, alisikitika sana na hakufanya lolote. Kwa hiyo dada akaenda kupika ugali machimboni.

"Sasa mbona husagi mawe yako?" nilimuuliza siku moja.

"Hela ina ndugu wengi, dada. Nikisaga leo, kesho kaka anaumwa, keshokutwa shangazi amefiwa. Jiwe hakuna anayekuja kulikopa. Nitasaga vyote siku moja, baada ya mavuno, ng'ombe wakiwa wengi mnadani. Nitoke karashani niende mnadani, nitoke mnadani niende kwa mwanangu."

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa hesabu, mwenye cheti nilichokitundika ukutani kwangu mpaka mchwa wakakisoma. Kijana alinifundisha kompyuta, na kwa miezi kadhaa nilihamisha daftari zote kwenye jedwali la mashine: tarehe, kitu, idadi, kiasi, na mwisho kabisa safu moja pana kuliko nyingine zote, iliyoitwa Maelezo. Uhai wa duka ulikuwa humo. "Ameahidi baada ya pamba, asisumbuliwe, amefiwa." "Unga kauchukua shemeji yake, yeye bado hajui." "Kiroba cha mpishi, si chetu, kisiguswe mpaka aje mwenyewe." Jioni kabla ya kufunga, Mzee alivuta kiti, akavua miwani, akaniambia, "Tarakimu nazijua. Nisomee watu." Nami namsomea Maelezo, anacheka, anaguna, mara nyingine anatuma mtu apeleke sukari msibani.

Kijana aliona aibu. Kwake jedwali lilikuwa daftari lililotiwa umeme, na wafanyabiashara wa kweli walikuwa na programu ya uhasibu. Kampuni kubwa za kigeni zilikuwa zinanusanusa dhahabu yetu wakati huo, na yeye aliota kuziuzia kila kitu kuanzia misumari hadi mchele, na alisikia kwamba hazizungumzi na mtu ambaye vitabu vyake vya hesabu haviwezi kuchapwa. Programu ikanunuliwa Dar es Salaam. Pamoja nayo akaja mtaalamu wa kuihamishia hesabu zetu, kwa sababu programu haikupokea kitu mkono kwa mkono. Ilitaka faili moja lililopangwa kwa namna yake, limezwe kwa mara moja.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa kuku siku zote. Alikuja na viatu vyeupe, Kahama, kwenye vumbi lile, na nilijua hapo hapo kwamba tumepata mtu asiyeuliza maswali kabla ya safari.

Jaribio la kwanza programu ilikataa kila kitu. Ikagundulika kwamba katika faili hilo, koma ndiyo inayotenganisha safu na safu, na mimi kwa malezi mema ya shule nilikuwa nimetia koma kwenye kila maelfu. Kwa hiyo mtu aliyenunua mabati ya shilingi laki moja na elfu ishirini alikuwa amenunua kwa shilingi mia na ishirini, na masifuri matatu yaliyobaki yakahamia safu ya jirani kutafuta kazi. Nikatoa koma. Jaribio la pili programu ikapokea baadhi ya mauzo ikakataa mengine, bila sababu tuliyoiona. Mtaalamu alikuna kichwa, akanywa soda, akagundua kwamba programu inaanza na mwezi ndipo inataja siku. Chochote tulichouza baada ya tarehe kumi na mbili kwake hakijawahi kutokea duniani, na kile tulichouza kabla yake kilitawanywa kwenye miezi ambayo hata mvua haikuwa imenyesha. Nikageuza tarehe. Nilizigeuza mpaka usingizini.

Kisha tukafika kwenye Maelezo. Maelezo yalikuwa na koma kuliko kitu chochote duka zima, kwa sababu mambo ya watu hayaendi bila kupumua.

"Hii safu tunaiondoa," mtaalamu alisema.

"Tunaiondoaje? Humo ndimo tulimoandika kiroba kipi ni cha nani."

"Dada yangu, kompyuta haihitaji hadithi. Inahitaji kitu, idadi na bei."

"Viroba havina bei."

"Basi tutavipa." Akamuuliza kijana duka hubadilishana vipi na wachimbaji, akaambiwa kwa makadirio ni mfuko wa unga kwa kiroba cha mawe, akaandika bei ya mfuko wa unga mbele ya kila kiroba kilichokuwa stoo. Nikauliza na vile visivyo vyetu je. Akanitazama kwa huruma ambayo watu wa mjini huwa wamepewa na serikali. "Hivyo tutavirekebisha baadaye."

Baadaye ni mahali pazuri sana. Kila kitu kinachoshindikana Tanzania kimehifadhiwa huko.

Safari hii faili lilimezwa lote. Mashine ikaonyesha kwamba pande zote mbili zimelingana mpaka senti ya mwisho, kijana akaagiza soda kwa wote, mtaalamu akafuta viatu na kupanda basi. Jioni Mzee akavuta kiti, akavua miwani. Nilimfungulia ile skrini mpya. Akavaa miwani tena.

"Watu wako wapi?" aliuliza.

"Hawakuingia, Mzee."

Akaguna, akaenda kula. Kesho yake alisafiri kwenda Mwanza kwenye harusi ya mpwa wake, na harusi zao si za siku moja. Mimi nami malaria ikaniangusha kitandani wiki nzima. Duka likabaki na kijana na programu yake, na hao wawili walielewana vizuri mno.

Niliporudi nilikuta juu ya meza mashine mpya ya kuchapia, bado ina nailoni. Nikauliza hela imetoka wapi. Kijana akajibu kwa furaha kwamba taarifa ya mali ilionyesha tuna lundo la viroba limelala stoo bila kazi, na mali iliyolala ni hasara, hivyo akatoa theluthi, vile vya zamani zaidi, vikasagwa kwa pamoja, dhahabu ikauzwa. Yaani aliuza mali ili anunue mashine ya kuchapa taarifa ya mali. Nikakimbia stoo. Pale vilipokuwa vile viroba vitatu palikuwa na alama tatu za mviringo kwenye vumbi, na mjusi.

Mama mpishi alikuja wiki ileile. Mavuno yalikuwa yamekwisha, mnada ulikuwa umejaa ng'ombe, na alikuwa na waendesha baiskeli wawili wa kumbebea mzigo hadi karashani. Amejifunga khanga mpya. "Mwangaluka, dada. Leo ndiyo leo." Akapita, akaingia stoo, akatoka mikono kiunoni.

"Viko wapi?"

Kijana alitoka ofisini na karatasi, ya kwanza kabisa kuchapwa. Akaisoma kwa adabu. "Mama, kwa mujibu wa mfumo, huna mzigo wowote hapa."

"Mfumo ni nani? Mwite aje."

Hakuna aliyecheka. Alieleweshwa polepole kwamba mawe yamesagwa pamoja na mengine na haiwezekani tena kujua lipi lilitoa nini. Kijana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliona kosa, akafungua droo palepale, akamhesabia bei ya mifuko mitatu ya unga, kwa kuwa ndiyo bei iliyokuwa kwenye mashine.

Mama aliziangalia zile noti bila kuzigusa. "Mawe yangu hayakuwa unga," alisema. Akafunga khanga yake vizuri, akawaambia wale wa baiskeli waende, akaondoka.

Hakupiga kelele mahali popote. Alirudi tu machimboni akapika, na wachimbaji walipouliza kwa nini ugali una donge, akawaambia. Kesho yake asubuhi barabara ya duka letu ilikuwa imejaa baiskeli na matoroli. Kila aliyekuwa na kiroba kwetu alikuja kukitoa. Hawakutukana. Walisimama tu foleni, jambo ambalo katika mji ule lilitisha kuliko matusi. Kijana akafungua programu kutafuta nani ana nini, na programu ikamjibu kwa utulivu kwamba vyote ni vyake. Ikabidi nifungue jedwali langu la zamani, nichape safu ya Maelezo, nisimame mlangoni niisome kwa sauti. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana iliyofanywa na ile mashine mpya.

Mzee alirudi kabla ya harusi kwisha, mikono bado ina hina ya harusini na mfukoni ana peremende. Alimwambia mwanawe maneno machache kwa Kigujarati. Sijui Kigujarati, na sikuhitaji tafsiri. Kisha akatuma gari kumleta mama mpishi, na akataka waliokuwa kwenye foleni wabaki washuhudie.

"Shikamoo, Mzee," mama alisema.

"Marahaba, mama. Mwanangu amekula mawe yako. Wewe unajua desturi ya shimoni, mimi naijua. Ingia, chagua vitatu katika vyangu. Chochote utakachochagua ni chako, kikiwa tajiri, kikiwa maskini."

Ndivyo ilivyokuwa kule. Jiwe lisilojulikana linalipwa kwa jiwe lisilojulikana, aliyepoteza anachagua kwanza, na akishachagua hana neno tena. Watu wakasogea. Tulitegemea atalamba mawe, atayapima mkononi, atayaelekeza kwenye jua kama wanavyofanya wanunuzi. Yeye aliingia, akavuta vitatu vilivyokuwa karibu na mlango.

"Mama, hujachagua!" mmoja alilalamika, kana kwamba alikuwa amelipa kiingilio.

"Nimechagua. Mgongo unaniuma."

Tulishinda kutwa karashani. Alikaa juu ya ndoo, mikono mapajani, na mimi nilikaa karibu naye nikiomba Mungu kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa shida zangu. Dhahabu ilitoka. Si haba, tena ya rangi nzuri. Ilipopimwa na kuuzwa, mnadani ikatoa ng'ombe saba.

Saba. Nilitaka agombe. Nilitaka aseme vile vyake vilikuwa bora, na nani angembishia? Mzee mwenyewe alitoa mkono mfukoni kuongeza. Mama akakataa. "Nilichagua mbele ya watu, Mzee. Nikipokea cha juu, kesho watasema uchaguzi si uchaguzi." Nilikasirika naye kweli. Kuna watu waaminifu mpaka unatamani kuwatikisa.

Ng'ombe walitangulia kwa miguu na mchungaji. Walipokaribia kufika, Mzee alitoa pikapu, akaniambia niende nikashuhudie, na akamwamuru mwanawe aendeshe. Kijana alitaka kuchukua karatasi ya kusaini makabidhiano. Mzee akamtazama, karatasi ikarudi mezani.

Boma la wakwe lilikuwa nje kidogo ya Masumbwe. Baba mkwe, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile, aliwapanga ng'ombe na kuwahesabu kwa fimbo. Akafika mwisho. "Mmoja hayupo," alisema.

Mama mpishi hakujitetea. Alikuwa anatazama mlango wa nyumba.

"Tofauti ni ndogo..." kijana alianza, nikamkanyaga mguu.

Baba mkwe akawazunguka ng'ombe taratibu, huyu anamshika sikio, yule anamtazama meno, mpaka akafika kwa jike mmoja mwenye mabaka. Akaweka kiganja ubavuni chini, akabonyeza, akasubiri kama mtu aliyebisha hodi. Akabonyeza tena. Kisha akarudi mwanzo, akahesabu upya, na alipofika kwa yule wa mabaka akagusa kwa fimbo mara mbili.

"Wametimia," akasema, kisha akashukuru kwa Kisukuma: "Wabeja."

Kijana aliniinamia sikioni. "Na ndama akifa kabla ya kuzaliwa?"

"Andika kwenye Maelezo," nikamwambia.

Ndipo mtoto akatolewa. Bibi yake alikuwa amemwogesha na kumpaka mafuta mpaka anameta. Alikuwa mrefu. Alitutazama wanawake wawili tuliosimama pale, mmoja mwenye viatu vya ngozi na pochi, mwingine na khanga na miguu iliyopasuka kwa majivu na moto wa jikoni, akafikiri kidogo, akaja akanipigia goti mimi.

"Shikamoo, mama," alisema.

Sikujua pa kuweka uso. Nikamgeuza kwa mabega, nikamwambia, "Mama yako ni yule." Akaenda, akapiga goti tena, kwa utii uleule, bila kuongeza wala kupunguza. Mama yake aliitikia marahaba, akafungua kifurushi alichokipakata tangu Kahama. Lilikuwa gauni la rangi ya machungwa, alilolishona mwenyewe machimboni baina ya ugali wa mchana na wa jioni. Akaliweka kifuani kwa mtoto. Likaishia juu ya kiuno. Alikuwa amemshonea mtoto wa kimo kile alichomwacha nacho.

Njiani binti alikaa katikati yetu, mgongo wima, akilia bila sauti kwa ajili ya bibi yake. Mama hakujaribu kumgusa. Alikuwa ameliweka gauni magotini na kushika upindo wake ili alirefushe, anakata uzi kwa meno, anaufumua, ananyoosha kitambaa kwa kidole gumba, anakata mwingine. Tulipoingia Kahama alikuwa amemaliza upindo wote, na gauni bado lilikuwa fupi.